Umeme unavyotumika kusaka 'kutu' inayokula DNA

MGONJWA wa kisukari anapofika hospitalini mjini Isiolo kupimwa sukari, shughuli yote humalizika kabla hajakaa vyema kitini. Muuguzi humdunga kidole, tone la damu hufyonzwa na kipande chembamba cha plastiki, na baada ya sekunde chache kijimashine huonyesha nambari. Wengi hudhani kwamba mashine hiyo imeitazama damu na kuihesabu sukari iliyomo. Ukweli ni kwamba mashine haioni chochote. Kilichopimwa ni mkondo mdogo sana wa umeme.

Ndani ya kipande hicho mna kimeng'enya ambacho huipokonya sukari chembe zake za umeme, yaani elektroni, nazo hupitishwa hadi kwenye mstari mwembamba wa kaboni au wa metali. Sukari ikiwa nyingi, elektroni huwa nyingi na mkondo huwa mkubwa. Wamarekani Leland Clark na Champ Lyons ndio walioeleza wazo hilo mwaka 1962, na kufikia mwaka 1987 kifaa cha kwanza cha aina hiyo cha kutumiwa nyumbani kilikuwa madukani.

Taaluma hiyo huitwa kemia ya umeme. Ndiyo hiyo hiyo inayowawezesha wanasayansi kupima jambo zito kuliko sukari, nalo ni kiasi cha madhara ambayo moshi, jua, tumbaku na hata pumzi ya kawaida huyaacha katika DNA, yaani chembechembe za urithi zilizo ndani ya kila seli ya mwili.

Katika kaunti kama Isiolo swali hilo lina uzito wa pekee. Katika manyatta na katika mitaa mingi ya mji, chakula hupikwa kwa kuni na makaa, mara nyingi ndani ya chumba kisichopitisha hewa ya kutosha. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 kote duniani katika mwaka 2020. Maziwa ya ngamia, ambayo akina mama wa Isiolo huyasafirisha kwa basi hadi mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, hutiwa katika vyombo vilivyofukizwa kwa moshi wa miti maalumu ili yasiharibike upesi na yapate ladha inayopendwa. Desturi hiyo ilielezwa na watafiti Wayua, Okoth na Wangoh katika uchunguzi wao kuhusu maziwa ya ngamia wa Isiolo, uliochapishwa mwaka 2012. Kisha kuna miraa, ambayo huteremshwa kutoka milima ya Nyambene na kutafunwa mjini kuanzia alasiri hadi usiku wa manane.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, limeuweka moshi wa kuni za jikoni katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu. Benzopirini, mojawapo ya kemikali zinazozaliwa kuni zinapoungua, imo katika kundi la juu zaidi, lile la vitu vilivyothibitishwa. Hata hivyo, kati ya moshi na uvimbe kuna safari ya miaka mingi, pengine miongo. Anayengoja hadi ugonjwa ujitokeze ndipo atafute chanzo huwa amechelewa, kwa mgonjwa na kwa sayansi. Ndiyo maana watafiti wamejitahidi kutafuta alama ya mapema, inayoweza kusomwa mtu angali mzima.

Alama moja kati ya hizo hufanana sana na kutu.

Bati likiachwa kwenye unyevu, oksijeni ya hewani huipokonya metali elektroni zake na bati huanza kulika. Wanakemia huita tendo hilo kuoksidishwa. Seli za mwili nazo hutumia oksijeni kupata nguvu kutoka kwa chakula, na katika shughuli hiyo sehemu ndogo ya oksijeni hutoroka ikiwa katika hali ya ukali, tayari kunyakua elektroni popote itakapozikuta. Moshi, mionzi ya jua na uvimbe wa muda mrefu huongeza idadi ya watoro hao. Chuma kilicho huru mwilini huwazidishia makali, jambo ambalo asili yake ni ugunduzi wa Mwingereza Henry Fenton uliotangazwa mwaka 1894.

DNA imeandikwa kwa herufi nne tu, ambazo ni adenini, thaimini, sitosini na guanini. Kati ya hizo, guanini ndiyo dhaifu zaidi mbele ya oksijeni kali, kwa kuwa ndiyo huachilia elektroni zake kwa urahisi kuliko nyingine. Ikishambuliwa, chembe moja ya oksijeni hujibandika mahali pa nane katika umbo lake, na kinachobaki huitwa 8-oksoguanini.

Mabadiliko hayo yaonekana madogo, lakini madhara yake si madogo. Guanini nzima daima hushikana na sitosini. Guanini iliyoshika kutu huweza kudanganya na kushikana na adenini, na seli inapojigawa, kosa hilo hunakiliwa. Mwili una mafundi wake wa kulirekebisha. Kimeng'enya kiitwacho OGG1 huing'oa herufi iliyoharibika, na kingine kiitwacho MUTYH huiondoa adenini iliyokaa mahali pasipo pake. Umuhimu wa mafundi hao ulidhihirika mwaka 2002, wakati watafiti wa Cardiff, Uingereza, walipogundua kwamba watu waliorithi MUTYH yenye kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili huota vinyama vingi katika utumbo mpana, na vinyama hivyo huweza kugeuka saratani. Mwaka 2015 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilitolewa kwa Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar kwa kazi yao kuhusu ukarabati wa DNA.

Sasa, umeme unaingiaje hapo?

Mcheki Jaroslav Heyrovský alibuni mwaka 1922 njia ya kuchunguza kemikali kwa kubadilisha nguvu ya umeme polepole na kuandika mkondo unaotokea. Alitunukiwa Nobel mwaka 1959. Mwaka uliofuata, kijana wa nchi yake, Emil Paleček wa mjini Brno, alionyesha kwamba hata DNA huitikia umeme. Wakati ule wengi hawakutarajia kwamba kitu kirefu na kizito namna ile kingeweza kubadilishana elektroni na kipande cha metali.

Namna njia hiyo inavyofanya kazi yaweza kueleweka kwa mfano wa soko la mifugo. Mnunuzi husimama katikati ya uwanja akaanza kutaja bei ya chini, kisha akaipandisha kidogo kidogo. Mwenye mnyama aliyekonda huuza mapema, maana hana tumaini la bei nzuri zaidi. Mwenye dume lililonona hungoja. Anayeandika idadi ya wanyama waliouzwa katika kila bei ataweza, jioni, kueleza ni wanyama wa aina gani waliokuwa sokoni na walikuwa wangapi, hata kama hakumwona hata mmoja.

Elektrodi, ambayo aghalabu ni kijiti cha kaboni kilicholainishwa mfano wa kioo, ndiyo mnunuzi. Bei ni volti, na bidhaa ni elektroni. Katika maji yasiyo na asidi wala magadi, 8-oksoguanini huziachilia elektroni zake nguvu inapofikia takriban volti 0.4. Guanini nzima hungoja hadi karibu 0.7, na adenini hukaribia volti 1. Kila moja hujitokeza katika grafu kama kilima, na urefu wa kilima ndio idadi. Kwa bahati njema, herufi iliyoharibika ndiyo iuzayo kwa bei ya chini kabisa, hivyo kilima chake husimama peke yake kabla ya vingine. Profesa Ana Maria Oliveira-Brett wa Chuo Kikuu cha Coimbra, Ureno, pamoja na wenzake, wamechunguza vilima hivyo kwa miaka mingi.

Mnunuzi naye lazima awe safi. Uso wa kaboni wenye uchafu au mikwaruzo hutoa vilima vya uongo, na majibu ya leo hayafanani na ya kesho. Mmoja wa waliolishughulikia tatizo hilo mapema ni Profesa Geoffrey Kamau, mkemia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye mwaka 1985 alichapisha pamoja na James Rusling wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, na mwenzao Willis, uchunguzi kuhusu elektrodi za kaboni zilizong'arishwa kwa makini.

Maabara hiyo hiyo ya Rusling ndiyo iliyokuja kuwa miongoni mwa zile zinazotajwa sana katika kupima madhara ya DNA kwa umeme. Wakenya watalitambua pia jina la Amos Mugweru, aliyekuwa mtafiti huko. Mwaka 2002 yeye na Rusling walieleza utando mwembamba wa plastiki yenye metali ya rutheni, unaoharakisha mauzo ya elektroni za guanini. DNA ikiwa nzima, nyuzi zake mbili zimesukwa pamoja na guanini imejificha ndani, kwa hiyo mkondo huwa mdogo. Kemikali ya sumu ikijibandika, msuko hulegea, guanini huonekana na mkondo huongezeka. Mwaka 2004, wakiwa na mwenzao Wang, waliongeza utando wa osmi, metali ambayo volti yake ni ya chini na hivyo huiitikia guanini iliyooksidishwa huku ikiiacha ile nzima. Kwa maneno mengine, elektrodi moja husema DNA imeguswa na nyingine husema imeshika kutu.

Kuanzia hapo mtu angedhani kwamba limebaki jambo dogo tu, kifaa kama kile cha sukari kifikishwe katika kila zahanati, tone la damu litiwe, na mpishi wa jikoni mwenye moshi aambiwe hali ya DNA yake. Mambo hayako hivyo, na sababu zake ni muhimu kuliko kifaa chenyewe.

Kwanza, sukari ni nyingi katika damu, ilhali guanini iliyooksidishwa ni adimu. DNA ambayo watafiti huijaribia elektrodi zao huwa imeharibiwa makusudi, kwa kiasi kikubwa. Katika seli za mtu mwenye afya, vipimo vinavyoaminika huonyesha kati ya chini ya moja na chache tu zilizoharibika katika kila guanini milioni moja. Ni mithili ya kumsaka mbuzi mmoja mwenye alama sikioni kati ya mbuzi wote wa kaunti kadhaa. Kilima chake katika grafu huzama na hakionekani.

Jawabu la tatizo hilo lilipatikana Marekani mwaka 1986, miaka miwili baada ya Wajapani Hiroshi Kasai na Susumu Nishimura kuitambua kemikali yenyewe. Robert Floyd na wenzake waliikatakata DNA, wakaipitisha katika bomba jembamba lililojazwa chenga zinazochelewesha kila kemikali kwa muda wake, kisha wakaweka elektrodi mwishoni mwa bomba. Kemikali hutoka moja baada ya nyingine, na elektrodi, ikiwa imewekwa kwenye volti ya chini, huikamata ile inayotakiwa. Uwezo wa kuiona uliongezeka takriban mara elfu moja kuliko ule wa kutumia mwanga. Njia hiyo ingali inatumika, lakini mashine yake hujaza meza, huhitaji umeme usiokatika na fundi aliyefunzwa.

Tatizo la pili ni la hila zaidi. Oksijeni haingoji ruhusa. DNA inapotolewa katika seli, ikasafishwa, ikakaushwa na kupashwa moto, guanini nyingine huoksidishwa palepale mezani. Kasai na Nishimura wenyewe walionyesha mwaka 1984 kwamba hata vitamini C, ikichanganywa na DNA katika chupa yenye hewa, yaweza kuizalisha 8-oksoguanini. Katika miaka ya 1990 maabara mbalimbali zilipopima seli za aina moja, majibu yalipishana mara mia na zaidi. Zilizopata idadi kubwa mno zilikuwa zikipima, kwa sehemu kubwa, kutu iliyoletwa na mikono yao. Mwaka 1997 maabara za Ulaya ziliunda kamati iliyojulikana kwa kifupi kama ESCODD ili kulinganisha vipimo, na kazi yake ndiyo iliyoteremsha makadirio hadi kiwango kinachokubaliwa leo. Tafiti nyingi za awali kuhusu vyakula na uzee zilizotegemea nambari zile kubwa zafaa kusomwa kwa tahadhari.

Jambo hilo linaigusa Isiolo moja kwa moja. Damu iliyotolewa katika jua kali la huko na kusafirishwa takriban kilomita 280 hadi Nairobi bila barafu ya kutosha itafika ikiwa na madhara ambayo mwenye damu hakuwa nayo. Muuguzi ataipokea nambari na kumtisha mama wa watu kwa kosa la barabara.

Tatu, na hapa wengi hujikwaa, guanini iliyooksidishwa haina jina la aliyeiharibu. Yaweza kuwa moshi, sigara, maambukizi, kazi ngumu au kupumua tu. Vilevile, si kila dhara ni la oksijeni. Mfano ni miraa. Mwaka 2001 mtafiti Fekadu Kassie na wenzake walichapisha uchunguzi wa seli za ndani ya shavu za watu wanaotafuna mmea huo, wakitumia darubini wala si umeme. Waliona viini vidogo vya ziada katika seli hizo, ishara kwamba DNA haikugawanyika sawasawa, vikiwa vingi kuliko katika seli za wasiotafuna. Kundi lililochunguzwa lilikuwa dogo. Isitoshe, dhara kuu waliloliona lilikuwa kupotea kwa kromosomu nzima, jambo ambalo elektrodi inayosaka guanini yenye kutu isingeligundua kabisa. Mtafunaji angepimwa kwa umeme, akaambiwa yu salama, na huenda ingekuwa si kweli.

Yote hayo yanahusu pia mfuko wa mwananchi. Neno 'antioksidanti' limekuwa chambo cha biashara, na vidonge na unga wa kila aina huuzwa kwa ahadi ya kuondoa sumu mwilini. Uchunguzi uliofanywa nchini Finland kwa wanaume wavutaji sigara 29,133, na matokeo yake kutangazwa mwaka 1994, ulipaswa kuwazindua wanunuzi. Waliopewa vidonge vya beta-karotini, ambayo ni antioksidanti, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakupewa. Mfanyabiashara anayedai kwamba kipimo cha dakika moja kimeonyesha 'oksidi nyingi' mwilini, kisha akatoa chupa ya dawa kutoka kwenye mkoba huo huo, anastahili kuulizwa amepima nini, kwa njia gani, na sampuli ilihifadhiwaje.

Njia inayoelekea kufaa zaidi kwa maeneo ya mbali ni ile isiyohitaji damu. Seli inapoitengeneza DNA yake, mabaki yaliyoharibika huishia kwenye mkojo. Kwa kuwa mabaki hayo yamekwisha kutolewa, hakuna lundo la guanini nzima pembeni linaloweza kuoksidishwa njiani na kuiharibu hesabu. Mwaka 1992 Steffen Loft na wenzake wa Denmark, wakitumia bomba na elektrodi, walionyesha kwamba mkojo wa wavutaji sigara ulikuwa na mabaki hayo kwa takriban asilimia 50 zaidi ya ule wa wasiovuta. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi cha kuonekana kati ya makundi ya watu. Kwa mtu mmoja mmoja haitoshi kusema nani ataugua.

Kwa hiyo kipimo hiki si cha kumwambia Halima au Nkirote kwamba ana saratani au hana. Nguvu yake iko katika kulinganisha. Chukua akina mama 50 wanaopikia kuni. Mkojo wao hupimwa, kisha hupewa meko yenye bomba la kutolea moshi, na baada ya miezi kadhaa hupimwa tena. Nambari ikishuka kwa wengi wao, ilhali kwa wenzao waliobaki na mafiga matatu haikushuka, hapo pana ushahidi ambao kaunti yaweza kuutumia inapopanga bajeti ya nishati, bila kungoja miaka 20 kuhesabu makaburi. Wauza maziwa nao waweza kulinganishwa vivyo hivyo, wanaofukiza vyombo wenyewe kila siku na wanaowaachia wengine kazi hiyo.

Vifaa vya kuanzia uchunguzi wa namna hiyo si vya ajabu. Huhitajika vichupa vyenye vifuniko visivyovuja, friza iwezayo kugandisha hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na jenereta ya kuilinda umeme unapopotea, sanduku la barafu kwa ajili ya safari, na daftari la kuandika saa ambayo kila sampuli ilichukuliwa. Kila kichupa hupimwa pia kreatinini, taka ambayo misuli huizalisha kwa kiwango kisichobadilika sana, kwa sababu katika joto la Isiolo mkojo wa adhuhuri wa mtu aliyeshinda malishoni bila maji huwa mzito, na bila marekebisho hayo kiu yake ingehesabiwa kuwa kutu.